Mafundi baiskeli walijuaje bawa liwe na umbo gani?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro. Mimi na wenzangu tunaunda ndege ndogo zisizo na injini kwa maboksi na vijiti vya mianzi. Baadhi zinaelea vizuri, nyingine zinaanguka palepale, na hatujui kwa nini. Tumesoma kwamba ndugu wawili wa Wright walikuwa mafundi baiskeli na hawakukanyaga chuo. Walijuaje bawa liwe na umbo gani? Waliiga ndege wa angani, walibahatisha, au kuna kitabu walichosoma? Na je, walijua kwamba bawa hunyanyuka kwa sababu hewa ya juu ina safari ndefu kuliko ya chini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la mwisho, maana nikiliacha litatusumbua huko mbele. Habari ya hewa ya juu kukimbia ili iwahi kukutana na ya chini kwenye ukingo wa nyuma si kweli, ingawa imo katika vitabu vingi na wapo marubani wanaoikariri. Hewa ya juu haina miadi na hewa ya chini. Ukipitisha moshi kwenye handaki la upepo, yaani sanduku refu linalopitishiwa hewa kulipima bawa, utaona ile ya juu inatangulia kufika nyuma, wala haisubiri. Isitoshe, bawa lenu la boksi ni bapa, juu na chini urefu ni uleule, na bado linaelea. Kinachotokea ni kwamba bawa huelekeza hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Katika kazi hiyohiyo mgandamizo wa hewa juu ya bawa hupungua, wa chini huzidi.

Ila hata maelezo hayo sahihi hayakuwasaidia akina Wright, kwa sababu hayakuwepo. Mjerumani Wilhelm Kutta alianza kuyaweka katika hesabu mwaka 1902, Nikolai Zhukovsky wa Moscow akafuata mwaka 1906, na Ludwig Prandtl wa Göttingen akakamilisha hesabu za bawa zima mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wakati huo ndege zilikuwa zimekwisha kuruka, kupigana na kubeba barua. Waanzilishi hawakujua kwa nini bawa linanyanyua. Walijua linanyanyua kiasi gani, kwa pembe ipi, kwa umbo lipi. Historia nzima ya bawa la mwanzo ni historia ya watu kutafuta namna ya kupima kitu kisichoonekana, na kudanganywa na vipimo vyao wenyewe mara kwa mara.

Kabla ya vipimo kulikuwa na kanuni ya karatasi. Kutokana na kazi za Newton, wasomi walitoa kanuni kwamba nguvu ya hewa kwenye bapa lililoinamishwa hufuata sini ya pembe kwa kipeo cha pili. Chukua kikokotoo uone balaa lake: sini ya nyuzi 5 ni 0.087, lakini kipeo chake cha pili ni 0.0076 tu. Kwa kanuni hiyo, bawa lingehitaji kuwa kubwa zaidi ya mara 11 kuliko linavyohitaji likifuata sini yenyewe. Ndiyo maana watu wenye akili zao walisema kwa uhakika kabisa kwamba binadamu hataruka. Hesabu zao zilikuwa sawa. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbovu.

Aliyeanza kupima kwa ajili ya kuruka ni Mwingereza George Cayley, bwana mwenye mashamba huko Brompton, Yorkshire. Mwaka 1799 alichora kwenye kisahani cha fedha nguvu mbili zinazolikabili bawa: moja inayonyanyua na nyingine inayorudisha nyuma. Leo mchoro huo unaonekana wa kitoto, lakini kabla yake karibu kila mtu alifikiria bawa la kupigapiga, linyanyue na kusukuma kwa wakati mmoja. Cayley alizitenganisha kazi hizo: bawa litulie na kunyanyua, kusukuma kuachiwe chombo kingine. Mwaka 1804 alifunga bapa kwenye mkono mrefu unaozungushwa na uzito unaodondoka, akawa anaongeza vijiwe vya mizani mpaka ajue hewa inanyanyua kiasi gani. Mwaka 1853 akaunda chombo kilichombeba mtu kuvuka bonde karibu na nyumba yake. Katika familia yake husimuliwa kwamba aliyebebwa ni dereva wake wa gari la farasi, na kwamba alipotua aliacha kazi papo hapo.

Ule mkono unaozunguka haukuwa uvumbuzi wa Cayley. Benjamin Robins aliutumia katika miaka ya 1740 kupima risasi, na John Smeaton akautumia kwa matanga ya vinu vya upepo. Kifaa hicho kina ila moja kubwa: kikizunguka kwa muda, hewa ya chumbani nayo huanza kuzunguka, na bapa linakutana na hewa iliyokwisha kuchafuliwa na bapa hilohilo. Mmarekani Samuel Langley aliujenga mkono wa namna hiyo wenye kipenyo cha mita 18 hivi, nje, kwenye kituo cha nyota cha Allegheny, akiwa na fedha na wasaidizi wa kutosha. Hata hivyo ndege yake kubwa ilitumbukia mara mbili katika mto Potomac mwaka 1903, baada ya Wizara ya Vita ya Marekani kutoa dola 50,000.

Jina la Smeaton usilisahau. Mwaka 1759 alichapisha jedwali la mgandamizo wa upepo, ambalo kwa kweli hakulipima yeye. Alipewa na rafiki yake. Ndani yake kulikuwa na namba moja ya kuzidishia, 0.005, ya kutafuta upepo wa kasi fulani unasukuma kwa nguvu gani bapa lililosimama mbele yake, kwa vipimo vya pauni, futi na maili. Kwa zaidi ya miaka 100 wahandisi waliitumia bila kuuliza. Tutarudi kwake.

Handaki la upepo, yaani kuliacha bawa litulie na kuipitisha hewa, lilijengwa kwanza na Francis Wenham pale Greenwich mwaka 1871. Huyo ndiye aliyeizika kanuni ya kipeo cha pili: aliona kwamba kwa pembe ndogo bawa linanyanyua mara kadhaa ya ukinzani wake. Tayari mwaka 1866 alikuwa amesema kwamba kazi kubwa ya kunyanyua hufanywa na sehemu ya mbele ya bawa, kwa hiyo bawa jembamba na refu lina faida kuliko pana na fupi. Baada yake Horatio Phillips alijaribu mabapa yaliyopinda, akavuta hewa kwa mvuke ili iende sawasawa, na mwaka 1884 akapata hataza ya maumbo yenye mbinuko, upande wa juu ukibinuka zaidi ya wa chini. Baadaye aliunda chombo chenye mabawa membamba mengi yaliyopangwa juu kwa juu, kisha kikasahaulika, na nadhani kilistahili.

Sasa tuje kwa ndege wa angani uliowauliza. Otto Lilienthal na mdogo wake Gustav walikulia Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, wakiwatazama makorongo weupe. Makorongo wa pande hizo huhama kila mwaka, na wengi hufika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Mnaweza kuwaona nyikani kati ya Novemba na Machi, wakipanda juu kwa duara bila kupiga bawa hata mara moja. Otto aliona bawa la korongo si bapa, lina mbinuko, akaamua kuupima. Alisomea uhandisi na baadaye alikuwa na kiwanda cha maboila Berlin, kwa hiyo vifaa alikuwa navyo. Kwa miaka mingi walipima, kwa mkono unaozunguka na kwa upepo wa nje, mabapa yaliyonyooka na yaliyopinda. Mwaka 1889 alitoa kitabu chenye michoro ya vipimo hivyo, ikionyesha kwamba bawa lenye mbinuko wa 1/12 (yaani kilele cha mpindo kimeinuka kwa 1/12 ya upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma) linanyanyua zaidi sana ya bapa, hasa kwa pembe ndogo.

Kisha akapanda juu ya vilima na kuruka mwenyewe, jambo ambalo wapimaji wengine walikwepa. Kuanzia 1891 alielea karibu mara 2,000, akiongoza kwa kurusha miguu na kiwiliwili huku na huku. Agosti 1896 upepo ulikikamata chombo chake huko Stölln, bawa likakosa mshiko wa hewa, akaanguka kutoka kama mita 15 na kufariki siku iliyofuata. Habari hiyo ilifika Dayton, Ohio, kwenye duka la baiskeli la Wilbur na Orville Wright.

Kwa hiyo jibu la “kitabu gani” ni kwamba vitabu vilikuwepo. Tarehe 30 Mei 1899 Wilbur aliiandikia taasisi ya Smithsonian, mjini Washington, kuomba orodha ya maandishi juu ya kuruka. Walimsoma Lilienthal, Langley, na Octave Chanute, mhandisi wa reli aliyekusanya habari za kila aliyewahi kujaribu. Hawakuwa na hata cheti cha sekondari, hilo ni kweli, lakini usidhani walianza gizani. Walianza na majedwali ya watu waliowatangulia na wakayaamini. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Glaida yao, yaani ndege isiyo na injini, ya mwaka 1900, waliyoijaribu Kitty Hawk kwenye upepo wa pwani, ilinyanyua pungufu ya hesabu. Wakadhani ni ndogo mno. Mwaka 1901 wakaunda kubwa, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine: mita 6.7 kutoka ncha hadi ncha, mita 2.1 kutoka mbele hadi nyuma, eneo la yote mawili mita za mraba 27, na mbinuko wa 1/12 kama wa Lilienthal. Ilinyanyua kama theluthi moja ya walichotarajia. Zaidi ya hapo ilikuwa na tabia ya ajabu: ilipoinamishwa kidogo, badala ya kujirudi ilizidi kuinama.

Walivyolishughulikia hilo la pili ndivyo ninavyopenda kuwaeleza vijana. Hawakuketi kubishana. Walilichomoa bawa la juu, wakalifunga kamba na kulirusha peke yake kama tiara. Katika upepo hafifu, ambapo bawa lilisimama kwa pembe kubwa, lilivuta juu. Upepo ulipozidi, pembe ikapungua, likatulia. Upepo ulipokuwa mkali zaidi, likavuta kuelekea chini. Maana yake, kwenye bawa lenye mbinuko, mahali ambapo nguvu ya kunyanyua imekaa husogea mbele pembe inapopungua, halafu pembe ikizidi kupungua hugeuka na kukimbilia nyuma. Bapa halina tabia hiyo, na hesabu zao zilikuwa za bapa. Wakaongeza vijiti na nyaya kulivuta bawa katikati, mbinuko ukashuka hadi 1/19 hivi, na chombo kikawa na adabu. Nguvu bado ilikuwa haitoshi. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Wilbur alikuwa amekata tamaa kiasi cha kumwambia Orville kwamba binadamu hataruka katika maisha yao.

Sasa kuna hesabu yenye namba kadhaa, na jibu si sahihi. Kosa liko kwa Smeaton, kwa Lilienthal, au kwao? Walianza na kitu walichokijua. Walichukua gurudumu la tatu, wakalilaza mbele ya usukani wa baiskeli likiwa huru kuzunguka, wakafunga kwenye ukingo wake bapa lililosimama kuukabili upepo na, mahali pengine, bawa dogo lenye mbinuko. Kwa jedwali la Lilienthal, bawa likiwa na pembe ya nyuzi 5 vingelingana nguvu na gurudumu lisizunguke. Waliendesha baiskeli mitaani, na gurudumu halikutulia mpaka pembe ilipofika nyuzi 18. Jedwali lilionekana la uongo. Lakini baiskeli barabarani, upepo ukitoka ubavuni, si chombo cha kumshitaki marehemu. Wakajaribu tena ndani ya kisanduku cha wanga, kisha wakajenga handaki lenyewe.

Lilikuwa sanduku la mbao la urefu wa mita 1.8, upana na kina cha sentimita 40 hivi, na feni iliyozungushwa na injini ya gesi ya duka. Hewa ilikimbia kama kilomita 45 kwa saa. Akili yote ilikuwa kwenye mizani iliyokaa ndani, waliyoiunda kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoku za baiskeli. Juu yake lilikaa bawa dogo la bati, na chini yake vibapa vilivyosimama kuukabili upepo uleule. Bawa lilivuta upande mmoja, vibapa vikavuta upande wa pili, mizani ikatulia kwenye pembe fulani, na sini ya pembe hiyo ndiyo ilikuwa jibu. Unaona ujanja? Kwa kuwa vyote viwili vimo katika upepo mmoja, huna haja ya kujua kasi ya upepo, wala huna haja ya namba ya Smeaton. Vyote viwili vinajifuta. Mizani ya pili ililinganisha ukinzani na unyanyuaji kwa mtindo huohuo. Walikuwa makini hivi kwamba wakati wa kupima kila mtu alisimama mahali palepale chumbani, kwa sababu mtu akisogea hewa inabadilika.

Mwishoni mwa 1901 walijaribu maumbo kama 200 kwa haraka, kisha karibu 50 kwa utaratibu: mafupi, marefu, yenye ncha, yenye mbinuko mbele, yenye mbinuko katikati, yaliyopangwa mawili mawili. Lilienthal alitoka karibu safi. Jedwali lake lilifaa kwa bawa lake. Kosa la kwanza lilikuwa namba ya Smeaton. Wakitumia vipimo vya glaida iliyorushwa kwa kamba walipiga hesabu kurudi nyuma na kupata kama 0.0033, ambayo ni karibu kabisa na inayokubalika leo. Ile ya zamani ilizidisha nguvu mara moja na nusu. Kosa la pili na la tatu yalikuwa yao: walichukua namba za bawa la Lilienthal wakazitumia kwa bawa lenye umbo jingine na, kubwa zaidi, lenye uwiano mwingine. Bawa la Lilienthal lilikuwa refu na jembamba. Lao lilikuwa na urefu wa kama mara 3 tu ya upana.

Matokeo yake yanaonekana kwenye glaida ya 1902. Eneo lake lilikuwa mita za mraba 28, karibu sawa na la mwaka uliotangulia. Lakini sasa ni mita 9.8 kwa mita 1.5, urefu zaidi ya mara 6 ya upana, na mbinuko mdogo, kama 1/24 au chini yake. Kitambaa kilekile, upepo uleule, na chombo kikaelea zaidi ya mita 180. Prandtl alikuja kueleza sababu baadaye: kwenye ncha hewa ya chini yenye mgandamizo huponyoka na kuzunguka juu, na bawa fupi lina ncha nyingi kwa eneo lake. Wao hawakujua. Walikuwa na namba tu.

Halafu wakafanya jambo ambalo kwangu mimi linapita yote. Walipohitaji rafadha, yaani pangaboi la kuisukuma ndege, walikuta wajenzi wa meli hawana hesabu yake, hubahatisha. Wakasema rafadha ni bawa linalozunguka, wakazitoa zile namba za handaki na kuzipigia hesabu kila sehemu ya ubao. Rafadha zao zilitumia zaidi ya asilimia 70 ya nguvu ya injini, na kwa injini ya nguvu farasi 12 tu, ziada hiyo ndiyo iliyowatoa mchangani tarehe 17 Desemba 1903.

Kuhusu kuiga ndege wa angani, Orville alisema uzeeni kwamba ni sawa na kujifunza kiinimacho kwa kumtazama mfanya kiinimacho: ukishajua siri, ndipo unaona kila alichofanya. Wilbur aliwatazama ndege wakipinda ncha za mabawa ili wasipinduke, na kutoka hapo wakapata namna ya kuongoza. Umbo la bawa hawakulipata kwao.

Wala usidhani handaki lao halikuwadanganya. Mabawa ya bati yalikuwa madogo, upana wa sentimita chache, na kwa kitu kidogo chenye mwendo mdogo hewa ina tabia nyingine: unata wake una uzito zaidi. Katika udogo huo bawa jembamba lililopinda hulishinda nene. Kwa hiyo wao, na karibu kila mtu baada yao, wakaamini bawa zuri ni jembamba, na ndege za miaka hiyo zikajaa nyaya na miti ya kuyashika mabawa yasivunjike. Hugo Junkers aliachana na imani hiyo mwaka 1915 kwa ndege ya chuma yenye bawa nene lisilo na nyaya, na vipimo vya Göttingen vikathibitisha kwamba kwa ndege ya ukubwa halisi nene lina nguvu zaidi na haliachi hewa kwa urahisi.

Kwenu ninyi hilo ni la heri, kwa sababu chombo chenu ni kidogo kama vya kwao. Msiige bawa nene la ndege ya abiria. Chukueni boksi jembamba, upana sentimita 10, urefu 60, lipindeni lipate mbinuko wa milimita 5, kilele kikae theluthi ya kwanza kutoka mbele. Kisha tengenezeni mizani: kijiti kimoja kilichoshikiliwa katikati kwa sindano, bawa moja kila mwisho, eneo sawa, uzito sawa, pembe sawa, mbele ya feni. Kati ya feni na mizani wekeni fungu la mirija ya kunywea soda, vinginevyo hewa ya feni itafika ikizunguka. Bawa linalopanda ndilo linalonyanyua zaidi, na hamhitaji kujua kasi ya feni. Anzeni kwa kulinganisha bapa na lenye mbinuko, kisha refu na fupi, kisha badilisheni kilele cha mbinuko, kimoja kimoja. Kila mkimaliza kipimo, hamisheni bawa la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mpime tena. Mshindi akibadilika, mlikuwa mnapima feni.